Tazameni Mandhari

Wewe ulitazama pembeni. Usibishe. Daraja la zamani liliposombwa na mafuriko ulisikia taarifa, ukasema "masikini," ukaendelea kula. Jipya lilipofunguliwa mwezi uliopita, uliona utepe ukikatwa, ukapiga makofi. Kati ya siku hizo mbili imepita miaka sita, na kuna watu wameihesabu yote.

Mmoja wao alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe, kikapu mapajani, shingo ameinyoosha kama anayetafuta mtu sokoni. Mama wa miaka sabini na mitano. Dada yake mkubwa alikuwa ng'ambo ya mto, kitandani, na habari zilizoletwa hazikuwa za mtu wa kungoja mpaka wiki ijayo.

"Mkwe wangu," alisema, "hii ni likizo au tunamsindikiza konokono?"

"Taratibu, mama. Tazameni mandhari. Kushoto kule, milima ilivyopangana!"

Binti yake, aliyekaa mbele kando ya mumewe, aliuma midomo. Walishasimama kupiga picha maporomoko. Walishasimama kunywa chai kwenye kibanda ambacho chai yake ilikuwa maji moto yaliyosikia tu habari za majani. Walishasimama kutazama mbuzi. Mbuzi! Mwanamume ambaye miaka kumi na moja ya ndoa hakuinua macho kwenye mafaili na mihuri yake, leo kawa mpenzi wa mbuzi.

Sababu aliijua. Mumewe hakuwahi kuwapenda ndugu zake wa mlimani. Wiki nzima alitafuta visingizio: tairi, mgongo, mvua. Vilipomwishia akasema haya, twende, ila kwa raha zetu. Kumbe alitaka giza liwakute njiani, wageuze.

"Sema tu hutaki," alimnong'oneza. "Mama si mtoto, anaona."

"Punguza sauti."

"Mama mkubwa akitutoka bila kuonana na mdogo wake, mimi na wewe basi."

 Jasho lilimtiririka mumewe shingoni, na huku baridi ya mlimani imeshatia ukungu kwenye vioo.

Alasiri, kona ya mwisho ikawatoa mtoni. Daraja hilo hapo, jipya, kingo zake zimepakwa nyeupe na nyekundu. Ng'ambo paa la dada lilionekana, moshi ukipanda. Mume akazima injini.

"Hapa panatosha. Tupige picha moja, tugeuze."

"Gari ni lako, miguu ni yangu," mama akasema, akashika kitasa.

Ta! Milango yote minne ikajifunga.

"Mama, nakuomba," mkwe akasema, na sauti ilimtetemeka. "Mama yangu mzazi alishakufa. Nimebaki na wewe tu. Pale huvuki."

Mke akageuka kumtazama. Hiyo haikuwa sauti ya mtu anayechukia wakwe. Akatazama daraja, kisha kibao kilichosimama mwanzoni mwake.

LIMEKAGULIWA. NI SALAMA KWA MAGARI YOTE.

Chini yake muhuri. Chini ya muhuri, jina kamili la mumewe.

Nyuma yao honi ikalia. Basi la wanafunzi, madirisha yamejaa mikono, watoto wanaimba. Mume akawasha gari, akasogea pembeni kwa adabu, akaliachia njia.

Wewe unayesoma, tupa karatasi hii. Basi limebakiza mita ishirini lifike darajani. Kasimame barabarani, sasa hivi!