Jiwe la Ersilia

Volkmar, mkutubi wa Kijerumani, aliugeuza mkate aliouziwa, njaa ikamtoka. Chini yake palikuwa na herufi za Kirumi, zimetokeza, zimegeuka kama kwenye kioo. Miaka thelathini alikuwa ameorodhesha maandishi ya mawe yaliyogunduliwa na wengine. Lake mwenyewe hakuwahi kulipata.

"Mama, huu mkate uliumukia wapi?"

Ersilia, mwokaji, akamwonyesha bamba la jiwe. "Aliniachia bibi. Hizo alama zinafanya unga usiteleze." Mara akalikumbatia. "Unataka kulipeleka makumbusho?"

"Jiwe libaki. Mimi nataka maneno tu."

Akalifuta unga, akatoa mkobani karatasi ya kunakilia maandishi, akailowesha, akaitandaza juu yake, akaigonga kwa brashi mpaka ikazama ndani ya kila herufi. Foleni ya wateja mlangoni ikaanza kunung'unika, lakini karatasi kama ile haibanduliwi mbichi.

"Tulieni!" Ersilia akawafokea. "Mgeni anasoma."

Joto la tanuri lilipoikausha, Volkmar akaibandua, akaiinua dirishani. Akasoma, akitafsiri Kilatini neno kwa neno.

"Hapa amelala Vitalia, mwokaji mikate. Mpita njia, usiondoke na njaa."

Ersilia akaketi juu ya gunia, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mwenzangu! Siku zote hizi namkandia unga kifuani, wala hakunung'unika!"

Akainuka, akawagawia wote waliokuwa kwenye foleni mikate ya moto, bure. Hakuna aliyeuma. Kila mmoja aliugeuza wake kwanza, akaupeleka kwenye mwanga.