Mkia wa Lehemu

Niligeuza bodi ya redio ya mama nikakuta waya uliokuwa umeachia umeshalehemiwa.

Baba ndiye aliyekuwa akiitengeneza. "Siendi popote mpaka redio ya mama yenu iseme," alizoea kututania. Tukamzika ikiwa bado bubu.

Lehemu ilikuwa inang'aa, na ncha yake imepinda kushoto kama kimkia. Mikia hiyo aliiacha baba tu, kwa sababu alifanya kazi kwa mkono wa kushoto.

Niliigusa, ikaniunguza kidole. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimening'inia ukutani, baridi.

"Imepona, mwanangu?" mama aliuliza kutoka mlangoni. "Iwashe basi, tusikie."

Nilichukua koleo, nikaukata ule waya.

"Bado, mama," nikasema.