Mifupa ya Mchezo

"We dada, mifupa ya plasta unaiosha kwa divai, sisi tunywe nini?"

"Kunyweni maji," Argiro alijibu bila kuinua uso.

Nikiforos alicheka, akaenda zake. Wenyeji wa milimani huosha hivyo mifupa ya wafu wao, sawa, lakini hii ya kuigizia? Tangu kundi lao la maigizo lilipofika kutoka Athene hapa kijijini kwa kina Argiro, kiongozi wao huyu alikuwa moto wa kuotea mbali.

Alikuwa na sababu. Kaka yake Lambros alipigania upande ulioshindwa vitani, akauawa, akafukiwa korongoni kama mbwa. Kila mwaka Argiro aliomba Lambros azikwe kwenye ua wa monasteri kuukuu, walikolala wafu wote wa kijiji. Kila mwaka mwenyekiti Stathis alimkatalia.

"Mwasi halali na wazee wetu. Labda mimi niwe nimekufa."

Mchezo, hata hivyo, aliuruhusu uchezwe uani humo. Maigizo tu, na watu wa magazeti wangekuja na kamera. Mchezo wenyewe ni wa kale: binti anamzika kaka yake, mfalme kakataza, binti anauawa.

Argiro aliubadili mwisho. "Mimi sifi ng'o! Nazika, na kijiji kizima kinazika nami."

"Na mimi mfalme je?" aliuliza Nikiforos.

"Unyamaze. Umeamuru karne ngapi? Inatosha."

Jumapili ua ulifurika. Mawe ya sakafu yaling'olewa, sanduku la mifupa likashushwa shimoni. Padri Thimios, aliyebembelezwa aigize padri, aliimba sala zote za maziko, hakuruka hata neno.

"Mnaogopa nini?" Argiro aliwapigia kelele watazamaji. "Inukeni!"

Wakainuka, mmoja mmoja, kila mtu na konzi lake la udongo. Stathis naye, kamera zikimkodolea, alitupia lake. Argiro alilia kilio ambacho Nikiforos hakuwahi kukisikia jukwaani. Kisha mawe yakarudishwa, naye akawagawia watu ngano tamu ya matanga.

"Umetuweza, mama!" Stathis alisema akitafuna. "Nusura nidhani ni kweli."

"Ahsante kwa kunisaidia, mwenyekiti."

Jua lilipozama, Nikiforos alifungua buti la gari kutafuta koti lake. Chini ya koti aliikuta mifupa ya plasta, imefungwa gazetini vilevile kama walivyoitoa Athene, mikavu, haina hata tone la divai.