Sindano Isiyouma

Mama Pétronille alilala kifudifudi kwenye kitanda cha dispensari. Nilipobonyeza uvimbe wa takoni, usaha ulitoka palepale nilipomchoma sindano wiki iliyopita.

“Ulijikanda kwa majani!” nilimfokea.

“Hapana, dokta. Pengine nilikala mubaya ku kiti. Unisamehe.”

Nilichukua sindano ya leo, aliyoinunua famasi, fupi kama nilivyomwandikia kwenye karatasi. Ni ya watoto, lakini haiumi, na watu wa mtaa wetu wa Saio hunipendea hiyo. Sijui kwa nini safari hii niliipima kwenye kidole changu. Ilifika kiungo cha kwanza. Nikadidimiza kidole hicho kwenye tako lake lisilo na uvimbe. Kilizama chote kabla sijahisi msuli.

Dawa yote nilikuwa naiacha kwenye mafuta ya chini ya ngozi, na ndiyo iliyoleta usaha. Na bado nilikuwa nimemfokea.

“Usihuzunike, dokta,” alisema akijifunga kitenge, aliponiona nimeiweka sindano chini. “Sindano yako haiumake. Niliambia bamama yote ya kanisa bakuye kwako.”

Nikafungua pazia. Benchi lilijaa wanawake wanene kama yeye, kila mmoja ameshika sindano fupi.

Wa kwanza alinitabasamia, akaanza kulegeza kitenge.