Fungu la Tausi

Tangu binadamu wote wawe mwili mmoja, hakuna mwanamke aliyejifungua peke yake. Uchungu wake uligawanyika mtaa mzima, kila mtu akabeba fungu lake, na hakuna aliyehitaji kumuuliza mwenziwe anaumwa wapi.

Asubuhi hiyo Tausi alikuwa akichambua mchele na mama mkwe wake, Bi Mwanakheri. Ghafla bibi akaachia ungo, akajishika kiuno.

"Zubeda wa jirani ameanza," akasema.

Nje, fundi cherehani alisimamisha mashine yake, akaguna. Tausi hakusikia maumivu yoyote. Juzi alikuwa amemeza kwa siri kidonge cha kumtenga mtu na maumivu ya wenzake, maana alichoshwa na kuumwa meno ya watu asiowajua. Basi naye akajishika kiuno, akaguna kwa nguvu.

Alipoinua macho, Bi Mwanakheri alikuwa ameshatulia, anamtazama. Fundi naye alikuwa ameshaendelea kushona. Ni Tausi peke yake aliyekuwa bado anaguna.

"Kumbe," bibi akasema taratibu. "Ndiyo maana tangu juzi kila maumivu yananijia mara mbili. Fungu lako limeniangukia mimi, mwanangu."

Tausi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara uchungu ukarudi, na bibi akajikunja mkekani kama jani kavu.

Tausi akamkimbilia, akanyoosha mikono amkande. Mikono ikabaki hewani.

"Mama," akanong'ona, "unaumwa wapi?"