Daftari la Mlangoni

Mnyororo wa mlango ulilia upande wa ndani. Ukumbini, nje ya mlango, kulikuwa na giza. Taa ya ghorofa ile ilikuwa imeungua tangu Jumatatu.

Zahira alisubiri, theluji ikimyeyukia mabegani. Katika miaka minane ya ubunge wa jimbo la Ontario, Kanada, leo ndiyo mara ya kwanza kuwahi chakula cha jioni. Funguo zilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya fomu ya kugombea tena. Chama kiliitaka kesho, lakini alitaka kumuuliza binti yake kwanza. Basi alikuwa amebisha mara tatu, kama anavyobisha kwa wapiga kura.

"Wamekuja tena hao," mama yake Zahira alisema kutoka jikoni. "Watu wetu ofisi hawaijui, mpaka waje nyumbani. Haya mjukuu wangu, sema kama nilivyokufundisha."

Daftari lilipenyezwa chini ya mlango, penseli ikalifuata ikibingirika. Zahira aliinama akaiokota. Ilikuwa imejaa alama za meno madogo.

Kisha yule mtoto, ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili safi:

"Mama hayupo, andika jina lako na shida yako."