Mtu wa Kofia, Uwanja wa Sita

Kiatu kilikataa kuingia. Gordy Strickler alikipiga ngumi kwenye soli, akavuta kamba, akakaza mpaka mwanawe akapiga ukelele.

"Baba, mguu umevimba!"

"Kwa baridi hii kila kitu kimevimba. Simama."

Colby alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake ya lakrosi, yenye kiwavu cha kudakia mpira nchani, kama mzee na mkongojo. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, ana sharubu changa. Si kwamba alifeli. Baba yake alimrudisha darasa la saba makusudi, apate mwili wa kuchezea. Nusu ya wazazi pale Maryland, Marekani, walikuwa wamefanya hivyo. Timu ya upande wa pili ilikuwa na watoto wanaonyoa ndevu.

"Amekaa palepale," Gordy alinong'ona. "Usimtazame."

Ng'ambo ya uwanja wa sita, peke yake kwenye kiti cha kukunja, alikuwa mtu aliyevaa kofia ya chuo kikuu.

Mashindano haya ya watoto, ya kupasha misuli kabla ya msimu, yalianza na timu nne nyuma ya kituo cha zimamoto. Phil Amrhein, mwanzilishi, alichoma soseji mwenyewe. Mwaka wa pili mtu wa kofia akatokea. Hakusema na mtu. Hapo wazazi wakamjua: makocha wa vyuo wanaosaka vipaji hukatazwa na kanuni zao kuongea na watoto wadogo hivi, wala wazazi wao. Kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyozidi kuwa kocha. Habari ikasambaa. Timu zikawa ishirini, zikawa hamsini, sasa zimepita mia. Yakaja mahema ya kahawa, mahema ya supu ya kaa, magari yakajaa mpaka ndani ya shamba la mahindi la jirani. Phil hachomi tena soseji; anazunguka na kigari cha gofu akipunga mkono kama gavana.

Kila mwaka mtu yule alivaa kofia ya chuo kingine. "Vyuo vinamgombania," walisema wazazi. Mwaka huu ilikuwa ya buluu, ya chuo alichokiota Gordy. Gordy mwenyewe alikuwa na kofia kama hiyo, akaisahau chooni hapahapa mwaka jana.

Na kwa kuwa mtu yule hakukaa kwingine, watu walitoana macho kupangiwa uwanja wa sita, ingawa uko kando ya vyoo vya plastiki na upepo ukigeuka unajuta kuwa na pua.

Asubuhi Gordy alimpelekea kahawa. Mtu yule alitazama kikombe, akatazama foleni ndefu kwenye hema la kahawa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Umeona?" Gordy alimwambia Denise, mama wa golikipa wa timu pinzani. "Hata kahawa hapokei. Mtu wa kanuni."

"Jidanganye tu. Anamtazama mwanangu. Tangu alfajiri hajabandua macho golini kwetu."

"Goli lenu liko mbele ya vyoo, dada. Labda amebanwa."

Denise alimsonya.

Sasa mechi ilikuwa inaelekea ukingoni. Gordy alimshika Colby bega.

"Ingia. Goli moja tu, mbele yake."

"Baba, na nikivunjika?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama tangu darasa la saba la kwanza."

"Ingia!"

Colby aliingia akichechemea. Mpira ukamjia, akaudaka kwenye wavu wa fimbo, akazunguka, akafunga. Kisha mguu ukalia kama ukuni mkavu. Alianguka nyuma ya goli, uso kwenye nyasi, akilia kwa sauti ya mtoto, sharubu na yote.

Gordy hakumtazama mwanawe. Alimtazama mtu wa kofia.

Mtu wa kofia alikuwa amesimama.

Alikunja kiti. Akavaa glavu. Akakata uwanja moja kwa moja mpaka alipolala Colby, akainama, akamtazama vizuri. Denise aliziba mdomo kwa kiganja. Miaka yote hiyo, na leo, kwa ajili ya mtoto wa Strickler, anavunja kanuni!

"Mwanao huyu?" aliuliza.

"Wangu, bwana!" Gordy alikuja mbio, machozi yanamlengalenga. "Colby Strickler. Anatumia mikono yote miwili, na mwakani ataongezeka mwili..."

"Basi mwinueni taratibu, mumpeleke hospitali. Hapo ndipo linapopita gari langu, na kwa supu yenu ile, nisipovinyonya vyoo sasa hivi vitatumwagikia sote."